UBISHI WA SIMBA NUSURA UNIVUNJIE BIASHARA!

Kama unadhani ubishi wa kijiweni ni wa kupoteza muda tu, ngoja nikupe kilichonikuta.

Pale kijiweni kwetu Magomeni, jioni tunakunywa kahawa na kashata. Siku hiyo mada ilikuwa fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Simba na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Mshikaji wangu akasema Simba walilipoteza kombe hapa hapa Dar. Mimi, Simba damu, nikaruka juu: "Acha uongo! Kombe lilipotea kule kule Abidjan!"

Mwaka huo hata sijazaliwa. Lakini sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yake, na watu walikuwa wanacheka. Nikanogewa. Nikamwita mwongo na mshamba mbele ya kadamnasi. Jamaa akaweka kikombe chini, akaondoka zake.

Pembeni alikaa mzee mmoja, kimya muda wote. Nikamgeukia, "Au siyo, mzee wangu?" Akanitazama, akauliza taratibu, "Mwanangu, wewe umejuaje?"

Nikabaki natoa macho. Ndipo akatueleza: Abidjan ilikuwa sare ya 0-0. Marudiano yakapigwa Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo tunauita Uhuru, yeye mwenyewe akiwa jukwaani. Simba wakalala 2-0. Mshikaji alikuwa sahihi!

Sasa balaa likaanza. Huyo ndiye ninayechanga naye mtaji wa mitumba. Wiki mbili hakutia mguu sokoni Karume, na pesa yangu peke yangu hainunui robota la suruali. Nikamfuata geto kwake usiku, nikaomba radhi. Akanijibu, "Umenitukana mbele za watu, halafu unaniomba msamaha chumbani?"

Yakaniingia. Kesho yake nikamvuta hadi kijiweni, nikasimama: "Jamani, nilikosea. Jamaa alisema kweli." Watu wakacheka, safari hii wananicheka mimi. Mshikaji naye akacheka, akaagiza kahawa. Nililipa mimi, bila shaka! Asubuhi tukaenda Karume pamoja.

Sikwambii uache kubishana. Kijiwe bila ubishi ni kama kahawa bila kashata. Lakini kabla hujapandisha sauti, jiulize lile swali la mzee: nimejuaje? Nimeona, nimesoma, au nimesikia kwa konda wa daladala? Na yule aliyenyamaza pembeni mpe nafasi, huenda ndiye aliyekuwepo.

Mimi nilikwenda kijiweni kushinda, nikashindwa, na ndiyo mara ya kwanza niliondoka pale najua kitu ambacho sikuja nacho. Na ukikosea hadharani, omba radhi hadharani. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko wiki mbili bila mshikaji, na bila suruali za kuuza!