Dawa Ipo, Lakini Iko Wapi?

UMEWAHI kutoka kwa daktari na karatasi mkononi, ukafika kwenye dirisha la dawa, kisha ukaambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje"? Kama unaishi kisiwani Mombasa, bila shaka waijua safari inayofuata: unateremka hadi maduka ya dawa ya Barabara ya Digo huku ukihesabu noti zilizobaki mfukoni.

Wengi wetu humlaumu aliyeketi dirishani. Lakini aghalabu dawa hiyo haijaisha nchini. Huenda imo kwenye kontena pale Kilindini, au katika ghala Nairobi, au juu ya lori la mwanakandarasi. Pengine imejaa kwenye rafu za zahanati nyingine, ikingoja tarehe ya kuharibika. Kinachokosekana ni habari: nani anayo, kiasi gani, na imegharimu pesa ngapi.

Tuchukue insulini. Tuseme mamako anakaa Kibokoni na ana kisukari. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na joto la Mombasa mwezi wa Februari hupita nyuzi 30. Lori likikwama barabarani bila jokofu, dawa inaweza kufika ikionekana nzima kabisa kumbe imepungua nguvu. (Chupa iliyokwisha kufunguliwa ni jambo jingine. Utafiti uliofanywa katika kambi ya Dadaab na kuchapishwa 2021 ulionyesha kuwa insulini ilihimili wiki nne katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Hata hivyo, fuata maagizo ya daktari wako.)

Sasa fanya hesabu kidogo. Kliniki inayotumia chupa 60 kwa mwezi, na ambayo mzigo huifikia miezi miwili baada ya kuagiza, haiwezi kungoja mpaka rafu iwe tupu. Inapaswa kuagiza chupa zikiwa bado 180: 120 za kungojea mzigo, na 60 za tahadhari. Hesabu hii ni rahisi kwa dawa moja. Kwa mamia ya dawa, ikifanywa na muuguzi mmoja mwenye foleni mlangoni, haifanyiki. Hapo ndipo kompyuta inapoleta faida.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Tangu miaka ya 1980 zahanati zilikuwa zikipelekewa masanduku yaliyofungwa, kila moja likiwa na dawa zile zile, wagonjwa wawe wengi au wachache. Matokeo yake ni kwamba dawa moja ilifurika hadi ikaharibika, na nyingine ikaisha katika wiki za kwanza. Baadaye shirika la serikali la kusambaza dawa, KEMSA, lililoundwa mwaka 2000, liligeukia utaratibu wa kila kituo kuagiza kinachohitaji. Siku hizi maagizo hayo hupitia kwenye mfumo wa kompyuta. Nao mfumo wa takwimu za afya unaoitwa DHIS2 ulianza kutumika nchi nzima 2011, baada ya kujaribiwa hapa hapa Pwani.

KARATASI TATU

Programu ya namna hii hufanya nini hasa? Kazi yake kubwa si ya ajabu. Inalinganisha karatasi tatu: agizo la hospitali, stakabadhi ya mzigo uliopokelewa, na ankara ya mwanakandarasi. Ikiwa hospitali iliagiza makatoni 100, ghala likapokea 80, na mwanakandarasi akadai malipo ya 100, mashine hukataa kupitisha malipo hayo mpaka mtu aeleze. Pia huweka bei za zamani, kwa hivyo anayenunua glovu anaweza kuona kwamba mwaka jana ziliuzwa nusu ya bei ya leo. Hukumbusha dawa zipi zitolewe kwanza kwa kuwa tarehe yake imekaribia. Na inaonyesha ni mwanakandarasi yupi wa usafiri huchelewa kila mara.

Hayo yote ni mema. Lakini mwandishi huyu hana imani na wale wanaouza programu kana kwamba ni chanjo dhidi ya wizi. Mwaka 2015, katika kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ilidaiwa kwamba nywila za maafisa zilitumiwa na watu wengine kuingia katika IFMIS, mfumo wa serikali wa malipo, na shilingi milioni 791 zikapotea. Kompyuta ilikuwepo. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza ununuzi wa vifaa vya Covid-19 wa KEMSA, wa shilingi bilioni 7.8, akakuta vifaa vilivyonunuliwa kwa bei iliyozidi ile ya sokoni, na sehemu kubwa ikiwa bado imelala ghalani. Hapo pia kompyuta zilikuwepo. Tofauti ni kwamba alama zilibaki, na mkaguzi akapata pa kuanzia.

Kuna ugonjwa mwingine ambao programu peke yake haiwezi kuutibu, nao ni deni. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti 2013, serikali nyingi za kaunti, Mombasa ikiwemo, zimekuwa zikidaiwa na wanakandarasi, na KEMSA yenyewe inazidai kaunti pesa nyingi. Mwenye duka yeyote wa Marikiti atakueleza kinachofuata. Mteja anayelipa baada ya mwaka mzima huuziwa kwa bei ya juu, au haletewi mzigo kabisa. Kwa hiyo, kila ankara inayolala mezani inaongeza bei ya dawa inayofuata, na anayelipa tofauti hiyo mwishoni ni yule mwenye karatasi kwenye Barabara ya Digo. Programu inaweza kuonyesha kila ankara imekaa siku ngapi na iko kwa afisa gani. Kutia sahihi kunabaki kwa binadamu.

Na mashine haijui kile ambacho hakuna aliyeiandikia. Dawa ikitolewa Jumatatu na kuingizwa kwenye kompyuta Ijumaa, kwa siku nne Nairobi huamini kwamba rafu imejaa.

Basi wewe ufanye nini? Ukiambiwa dawa hakuna, uliza kwa upole kama imeagizwa, na lini. Uliza kama kituo jirani kinayo. Mara nyingine ipo umbali wa tuktuk moja tu. Kama hali hiyo inajirudia kila mwezi, peleka jambo hilo kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Na ukitaka kujua kaunti ilinunua nini na kwa bei gani, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi iliyoandikiwa ina siku 21 za kukujibu.