Kidonge, Jina Lako Nani?

Kuanzia Desemba 2014, vituo vya afya huko Ituri, wakati huo ingali wilaya ya Jimbo la Mashariki nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilianza kupokea wagonjwa wa ajabu: shingo zimepinda, ndimi zimetoka nje, mataya yamekaza. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana shingo ngumu ni dalili yake. Lakini vipimo vilikana. Kufikia Agosti 2015, waliolazwa walikuwa wamepita 1,000.

Kisa kilikuwa ndani ya kopo la dawa. Vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili ambayo inaweza kukaza misuli ya uso na shingo, hasa kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Julai 2015. Na tazama ubaya wa mtego huo: mganga anayeona misuli imekakamaa anaweza kabisa kuagiza diazepamu.

Kwa macho, kidonge ni kidonge. Ili kujua kilichomo, kwa kawaida mchanganyiko hutenganishwa, na kazi hiyo ya kutenganisha, iitwayo kromatografia, kwa sehemu kubwa hufanyika juu ya unga mweupe wa silika. Ni silikoni na oksijeni, viambato vilevile vya mchanga wa kawaida. Ndiyo pia iliyomo katika vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku la viatu vipya. Hutengenezwa kwa kuchanganya silikati ya sodiamu na asidi mpaka igande kama uji, kisha huoshwa na kukaushwa. Maji yakiondoka, huacha vitundu.

Vitundu hivyo ndivyo mtaji wote. Katika silika ya kawaida ya maabara vina upana wa nanomita 6 hivi, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni, kisha uchukue mafungu sita. Kuta za vitundu zikikunjuliwa, gramu moja hutoa mita za mraba 300 au zaidi. Gramu 25 tu zina eneo la uwanja mzima wa mpira. Eneo lote hilo limejaa vikundi vya silanoli, yaani oksijeni iliyoshika haidrojeni, ambavyo ni asidi hafifu na hushika molekuli zinazopita, nyingine kwa nguvu, nyingine kidogo.

Sasa weka tone la kidonge kilichoyeyushwa karibu na ukingo wa chini wa kibati kilichopakwa silika, kisha usimamishe kibati ndani ya kimiminika kidogo. Kimiminika hupanda chenyewe na kubeba dawa. Haloperidoli ina naitrojeni yenye tabia kali ya besi, hivyo silanoli huing'ang'ania na kwa kawaida hubaki nyuma. Diazepamu, besi dhaifu zaidi, hupanda juu. Ukimulika kwa taa ya urujuanimno, madoa meusi huonekana yamesimama kwa kimo tofauti, kando ya doa la dawa halisi iliyowekwa kwa kulinganisha. Kazi nzima haichukui hata nusu siku.

Mashine kubwa za maabara hufuata kanuni hiyohiyo, ila silika hushindiliwa ndani ya bomba la chuma, na mara nyingi kuta zake huvikwa minyororo ya kaboni 18 ili zipende mafuta kuliko maji. Silanoli zinazobaki wazi huzibwa, la sivyo besi kama haloperidoli zingejikokota na kuharibu vipimo. Waingereza Archer Martin na Richard Synge waliitumia silika kutenganisha viambata mwaka 1941, wakapata Tuzo ya Nobeli 1952.

Unga huu pia hujenga. Mwaka 1981 Mark Matteucci na Marvin Caruthers, huko Colorado, walionyesha jinsi ya kuunga DNA herufi moja baada ya nyingine juu ya punje za silika: mnyororo umeshikwa, taka zinaoshwa. Leo mara nyingi hutumika kioo chenye vitundu, ndugu wa silika. Vipande vifupi vya DNA vya namna hiyo ndivyo vinavyohitajika katika vipimo vya PCR, vikiwamo vya Ebola, ugonjwa uliofika Bunia, Mambasa na Komanda, hukohuko Ituri, katika mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Turudi kwenye vidonge. Maabara ya taifa ya Kenya na ile ya Tanzania zimetambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa uchunguzi wa dawa, lakini ni mbali na Irumu, huko Ituri. Vibati vya silika haviko mbali kiasi hicho. Mfuko mmoja wa Ujerumani umevikusanya pamoja na taa na dawa za kulinganisha katika sanduku la kubebeka, Minilab, linalopima dawa zaidi ya 100, na Tanzania imelitumia mipakani. Haliwezi kupima kiasi cha dawa kwa usahihi wa mashine, lakini kidonge chenye jina la uongo hukamatwa mapema. Mji mkuu wa jimbo kama Bunia, ambao dawa huuingia kwa barabara na kwa ziwa kupitia Kasenyi, unastahili sanduku kama hilo na mtu aliyefundishwa kulitumia.

Nawe msomaji, dawa ikikuletea balaa usiyoitarajia, usitupe vidonge vilivyobaki. Vipeleke kituoni pamoja na pakiti yake.