Kompyuta ya nyumbani: Tumpe nani kazi ya ulinzi?

Kompyuta moja ya nyumbani siku hizi hubeba mengi: picha za harusi, kazi za shule za watoto, nakala za vyeti, hesabu za duka na nywila za benki. Ndiyo maana mtu akinunua kompyuta, iwe mpya au ya mtumba, humuuliza fundi mapema: niweke antivairasi gani? Katika makala hii tunaeleza mambo ya kupima kabla ya kuchagua.

Virusi na programu pelelezi: tofauti ni ipi?

Wengi wetu huita kila programu hasidi virusi, lakini tabia zake hutofautiana. Kirusi hujinakili na kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Njia yake moja inayojulikana sana kwetu ni flashi. Unaipeleka kwenye duka la kuchapisha, ukirudi nyumbani unakuta mafolda yako yamefichwa na mahali pake pana njia za mkato. Ukibofya mojawapo, umemkaribisha ndani.

Programu pelelezi haina haraka ya kuharibu kitu. Hukaa kimya, hurekodi unachoandika kwenye kibodi na tovuti unazotembelea, kisha humpelekea aliyeitega. Mwenye kompyuta anaweza kukaa miezi bila kujua. Zamani kila tatizo lilikuwa na programu yake ya kulikinga. Leo antivairasi nyingi hushughulikia yote mawili, kwa hiyo huhitaji kununua mara mbili.

Je, ni lazima kulipia?

Kwa kompyuta ya Windows 10 au 11, mlinzi tayari yumo ndani. Anaitwa Microsoft Defender. Alianza mwaka 2006 akizuia programu pelelezi tu, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 hukinga virusi pia. Halipiwi na hana tarehe ya kwisha muda.

Je, anatosha? Njia nzuri ya kujua ni kuangalia matokeo ya maabara huru, si maneno ya muuzaji. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima programu hizi mara kwa mara na kuchapisha matokeo bila malipo. AV-TEST hutoa hadi alama 6 kwa kila moja ya mambo matatu: uwezo wa kukinga, kiasi ambacho programu inaipunguzia kompyuta kasi, na kama inapiga kelele za uongo kwa faili salama. Katika miaka ya karibuni Defender amekuwa akipata alama za juu katika vipimo hivyo.

Mwenye kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo aangalie sana alama ya pili. Antivairasi nzito huifanya kompyuta kusuasua hadi mwenyewe akaizima, na hapo anabaki bila ulinzi wowote.

Programu za kulipia huongeza vitu kama udhibiti wa matumizi ya watoto na leseni moja kwa vifaa kadhaa. Kama unavihitaji, lipia. Lakini soma kwanza bei ya mwaka wa pili, maana mara nyingi ya mwaka wa kwanza ni ya punguzo.

Kitu cha bure kinalipiwa na nani?

Antivairasi huona karibu kila faili unalofungua. Ni kama mlinzi uliyempa funguo za vyumba vyote, kwa hiyo uaminifu wake ni muhimu kama nguvu zake. Mwezi Februari 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya Avast kulipa dola milioni 16.5. Tume ilisema taarifa za tovuti walizotembelea wateja zilikusanywa kupitia programu zake na kuuzwa kupitia kampuni tanzu, Jumpshot, ambayo ilifungwa mwaka 2020. Watu walikuwa wameweka programu hizo ili wasipelelezwe.

Si kila programu ya bure ni mtego. Ila kabla ya kusakinisha, jiulize kampuni inapata wapi fedha zake, kisha fungua mipangilio ya faragha na uzime ruhusa ya kutoa taarifa zako.

Jihadhari na walinzi bandia

Ukiwa kwenye intaneti likatokea tangazo linalosema kompyuta yako ina virusi vitano na unatakiwa kubofya haraka, funga ukurasa huo. Tovuti ya kawaida haiwezi kukagua mafaili yako. Hicho ni kitisho cha kukuuzia programu bandia. Pakua antivairasi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu.

Ogopa pia programu zilizochakachuliwa. Maelekezo yake mara nyingi huanza na agizo la kuzima antivairasi. Anayekuomba umfungie mlinzi chumbani ndipo aingie, hana nia njema.

Walinzi wawili hawakai lango moja

Antivairasi mbili zikifanya kazi kwa pamoja hugombana na kuchelewesha kompyuta. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando mwenyewe. Kompyuta mpya nyingi huja na antivairasi ya majaribio. Muda wake ukiisha na hutaki kulipa, iondoe kabisa, kisha uhakikishe kwamba Defender amerudi kazini. Ukishuku kuna kitu kimempita, toleo la bure la Malwarebytes hukagua unapoliamuru tu, hivyo haligombani naye.

Usisahau masasisho

Mei 2017, shambulio la WannaCry lilifunga mafaili na kudai fidia katika nchi zaidi ya 150, na likavuruga hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Tunajua masasisho hula bando, na wengi huyazima kwa sababu hiyo. Ni heri kuyapanga kwa siku utakayopata Wi-Fi kuliko kuyafuta kabisa. Kwa Windows 10, msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna antivairasi inayoweza kuziba matundu yote ya mfumo uliokwisha muda. Kama kompyuta yako inaweza kubeba Windows 11, hamia huko.

Mwisho, weka nakala ya picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza. Faili likitekwa kwenye kompyuta, lililoko kabatini halitaguswa.