Haiba au akili? Mchezo wa vizibo ulivyotugombanisha Tunduma

Wiki hii naomba tuachane kidogo na habari za mitindo na wapenzi wanaokimbiana, nikupeleke uani kwa dada mmoja mwenye steshenari hapa Tunduma. Ndipo ambapo Jumapili moja watu wazima watano, wenye kazi zao na madeni yao, walikaribia kurushiana stuli kisa namba moja kwenye karatasi. Usicheke. Nami nilikuwemo, tena mimi ndiye niliyeanzisha soo lenyewe.

Kwanza nikueleze mchezo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauna ubao kama drafti wala hauna mshindi kama bao. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anakuwa mhusika wa hadithi: mpiganaji, mwizi, mganga, mchawi. Msimulizi anasema, "Mmefika darajani, kuna mlinzi ana mkuki." Wachezaji wanasema watafanya nini. Pale penye wasiwasi wa kufaulu au kushindwa, inarushwa kete yenye nyuso 20.

Sasa kete ya nyuso 20 utaipata wapi Tunduma? Hapa utapata kwacha, utapata vitenge, utapata spea za semi, kete hiyo hakuna. Tukaokota vizibo 20 vya soda, tukaviandika kwa maka pen, moja mpaka ishirini, tukavitia kwenye kopo la maziwa. Unatikisa, unachomoa bila kutazama, unasoma, unarudisha. Kazi imekwisha.

Kanuni tulizipata bure. Januari 2023 wenye mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast, waliachia waraka mkubwa wa kanuni zao za toleo la tano kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri na hata kuubadili. Dada wa steshenari akachapa kurasa tunazohitaji, mimi nikakaa na kamusi. Elimu yangu ni kidato cha nne, ila Kiingereza cha kwenye mchezo si kigumu kama cha mtihani.

Kasheshe ya kwanza ilikuwa majina. Ukitafsiri bila kufikiri, nusu ya meza ni wachawi. Jumapili ya kwanza kabisa mmoja wetu alipiga kelele kwa furaha, "Nimemloga mlinzi!" Shangazi wa dada wa steshenari, ambaye nyumba ni yake, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Humu kwangu hakuna kulogana. Kama mna mambo yenu, mvuke mpaka mkayafanyie Nakonde." Tukaomba radhi tukiwa tumesimama. Si mzaha, jamani, nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na mtu akishapewa jina hilo mtaani halimtoki.

Kwa hiyo tukabadili. Anayepata uwezo kwa kusoma vitabu tukamwita Mwanazuoni. Anayeupata kwa kuomba, Mcha Mungu. Aliyezaliwa nao, Mwenye Kipaji. Na anayeupata kwa kuwekeana mkataba na kiumbe kikubwa kuliko yeye, Mwenye Mkataba. Kwenye zile kanuni za bure huyu wa mwisho amepewa mfadhili mmoja tu, naye ni shetani. Hapo shangazi angetufukuza na mabegi yetu. Tukamtoa shetani tukaweka Kimondo cha Mbozi. Si unakijua? Lile bonge la chuma la tani zaidi ya kumi lililoanguka kutoka angani, liko kule Ndolezi. Likaa kimya vile, lazima lina siri.

Mwenye Mkataba wetu alikuwa mshikaji mmoja anayejaza fomu za mizigo kwenye ofisi ya uwakala. Huyu bwana akili yake inachemka. Kubadili kwacha kwenda shilingi anapiga kichwani, wewe bado unatafuta simu yako mfukoni. Lakini ana kigugumizi. Neno likianza na "m" au "b" linaweza kukwama mpaka uone aibu kwa niaba yake.

Ndipo tunafika kwenye ugomvi. Kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kila fani yenye uwezo wa ajabu imefungwa kwenye sifa moja. Mwanazuoni anategemea akili. Mcha Mungu, busara. Mwenye Kipaji na Mwenye Mkataba wanategemea haiba, yaani mvuto, ulimi, ule uwezo wa kuingia mahali watu wakageuka. Mhusika wa mshikaji wetu alikuwa na haiba 16 na akili 13.

Tofauti yake ni hii. Haiba 16 inakupa nyongeza ya 3, akili 13 inakupa nyongeza ya 1. Ukimtupia mtu uwezo wako, kizingiti anachotakiwa kuvuka ni 8, jumlisha 2 za ngazi ya kwanza, jumlisha nyongeza yako. Kwa haiba ya 16 kizingiti ni 13, kwa hiyo mlinzi asiye na nyongeza anaokolewa na vizibo 8 kati ya 20. Kwa akili ya 13 kizingiti kinashuka kuwa 11, na vizibo vinavyomwokoa vinakuwa 10. Ndiyo maana mtu hawezi kubadili sifa bila kuzipanga namba upya. Kubwa inahamia kule, ndogo inakuja huku.

Sasa mimi msimulizi nilikuwa nikimtazama mshikaji akihangaika. Kila tukifika penye mlinzi, mfanyabiashara au mfalme, meza inamgeukia yeye kwa sababu ndiye mwenye haiba. Naye anaanza: "M-m-mheshimiwa..." Dakika inapita. Utingo, ambaye kila akirudi safari ya Lubumbashi anacheza nasi, anaanza kuchezea funguo. Nikasema moyoni, huyu ndugu tunamtesa. Nikaja na wazo: Mwenye Mkataba atumie akili badala ya haiba.

Hoja ninazo, bwana. Mkataba ni karatasi. Karatasi inasomwa. Mtu anayesoma kila kipengele mpaka yale maandishi madogo ya chini, huyo ni mtu wa akili, si mtu wa tabasamu. Tena nilikuwa nimesoma historia kidogo. Mwaka 1974 haiba ilikuwa haina habari na uganga wowote, ilihesabu tu utapata wafuasi wangapi wa kukodi na watakutii kiasi gani. Mwimbaji wa toleo la mwaka 1989 alitumia akili kwa uwezo wake, toleo la mwaka 2000 likamhamishia kwenye haiba. Na toleo la mwaka 2008 lilimruhusu huyu huyu Mwenye Mkataba kutumia ama haiba ama ustahimilivu, kutegemea amejifunga na nani. Kama wenyewe wamekuwa wakihamisha hivyo, sisi wa Tunduma tumekosa nini?

Utingo akanijia juu. "Wewe bwana, umeshawahi kuona mkataba unasomwa? Mimi karatasi ninazo za nchi tatu, ila kupata pa kuegesha gari usiku ni mdomo. Mkataba unaongewa kwanza, kuandika ni mwisho." Dada wa steshenari akamuunga mkono kwa njia yake: mganga wa pwani anayefungua kitabu cha nyota, huyo mpe akili. Lakini yule anayesema babu alimjia ndotoni akampa dawa, huyo akili inaingia wapi? Watu wanamwamini kwa jinsi anavyosema. Nikaona hoja ina uzito ila sikukubali, si unajua mtu akishatangaza jambo.

Mchezaji wetu wa tano, kijana aliyemaliza kidato cha sita tunayemwita Msomi, alinikubalia haraka mno. Ilibidi nishtuke. Yeye alikuwa Mwanazuoni, akili yake 16. Kanuni zinaruhusu mtu akipanda ngazi achote ngazi ya fani nyingine, ila lazima awe na 13 kwenye sifa ya fani hiyo. Haiba yake ilikuwa 9, kwa hiyo mlango wa Mkataba ulifungwa kwake. Nilipouhamishia kwenye akili, nikamfungulia. Alipofika ngazi ya pili akachota Mkataba na Kimondo, akawa na uwezo wa vitabu na ule mwale wa mbali wa Mwenye Mkataba, vyote kwa sifa ile ile moja. Utingo akaita huo wizi. Stuli ndipo zilipoanza kusogea, shangazi akakohoa dirishani, zikarudi chini.

Na mwenyewe mshikaji alisema nini? Hakusema kitu. Alichukua kifutio, akaandika akili 16, haiba akaishusha mpaka 9, basi. Nikadhani ameridhika. Nilijiona mtu mwema kweli.

Jumapili tatu zikapita hivyo. Haiba 9 ni hasara ya 1. Zamani akitaka kumdanganya mlinzi alijumlisha 5, sasa alijumlisha 1. Kwa hiyo tukifika penye mlinzi, meza haikumgeukia tena. Dada wa steshenari ndiye aliyeongea, au Utingo. Mshikaji alikuwa akisubiri vita, anachomoa kizibo, anasoma namba, anarudisha. Nikija kukumbuka vizuri, Jumapili ile ya tatu sidhani kama alitamka maneno kumi. Mchezo ulikwenda haraka ile mbaya, mimi nikawa nafurahi kwamba tunamaliza mapema.

Jumapili ya nne hakuja. Ya tano hakuja.

Nikamfuata jioni, akitoka kazini, pale penye foleni ya malori upande wa kwenda mpakani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Tukatembea. Nikamwambia tumebadili kanuni kwa ajili yake, sasa mbona anatususa? Akasimama. Nitakuandikia alichosema bila kukwamisha maneno, maana nikiandika kama alivyosema utadhani namcheka. Alisema:

"Kaka, akili ninayo. Naitumia kutwa nzima ofisini na hakuna anayenisikiliza. Pale uani ndipo mahali pekee nina haiba kumi na sita. Mlikuwa mnasubiri nimalize. Mlinzi alikuwa anasubiri nimalize. Umeichukua ukanipa kitu nilichokuwa nacho."

Lori likapita, likatupigia honi. Sikuwa na la kujibu. Niseme nini? Nilikuwa nimemhurumia bila kumuuliza, na huruma yenyewe nusu yake ilikuwa haraka yangu ya kwenda nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile mezani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, na lilikuwa la kijinga.

Kuirudisha haiba haikuwa rahisi. Msomi alilia kama mtu aliyenyang'anywa shamba, maana ngazi yake ya Mkataba ilikuwa inakosa miguu. Tukakubaliana aifute na kuchukua ngazi ya pili ya Uanazuoni, fidia nikampa kitabu kimoja cha ajabu ndani ya hadithi. Akanuna wiki mbili. Utingo akatamba kwamba yeye alisema tangu mwanzo, japo yeye alisema kwa sababu nyingine kabisa. Dada wa steshenari akachapa karatasi mpya, akatutoza, biashara ni biashara.

Sisemi wewe ukicheza kwenu usibadili sifa. Badili. Waraka unaruhusu, na Mwenye Mkataba wa akili ni mhusika mtamu. Hesabu tu nani anafunguliwa mlango ambao hakuwa nao, kama Msomi, na nani anafungiwa.

Jumapili iliyopita mshikaji alirudi. Wakafika kwenye daraja la mto Momba, usiku, nyuma yao wanafukuzwa. Mlinzi akawauliza wanakwenda wapi. Meza ikamgeukia Mwenye Mkataba. Akaanza: yeye ni mjumbe, anapeleka habari za mwamba ulioanguka, na mwenye kumchelewesha... Hapo kwenye "mwenye" alikwama. Utingo akaweka funguo mfukoni. Nje alikuwa anapita muuza mihogo, tukamsikia mpaka akapotea, na mshikaji bado yuko kwenye "m". Hakuna aliyemmalizia. Alimaliza mwenyewe, uongo mrefu wa kupendeza, mpaka shangazi aliacha kufagia.

Kizingiti nilishakiandika kwenye kikaratasi: 13. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa kizibo. Saba. Saba na tano, kumi na mbili.

Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza. "B-b-basi," akasema, "tukimbie."