Risasi ya kuyeyusha nyumbani: wengi wanaogopa moto, kumbe noma iko mikononi

Juzi nilikuwa kafe na mshkaji wangu, akawa anaangalia video ya mzee mmoja wa Kimarekani anatengeneza risasi za bunduki gereji kwake. Mzee anachota risasi iliyoyeyuka kwa kijiko kirefu, anaimimina kwenye kalibu ndogo ya alumini, anasubiri kidogo, anafungua, zinadondoka ting ting ting. Mshkaji akaniuliza maswali mawili: mbona hiyo alumini haiyeyuki? Na huyu mzee mbona hakamatwi?

Nilitaka kumjibu kwa kifupi tu, halafu nikamkumbuka mjomba wangu. Yeye ni mvuvi, na chubwi za mishipi yake anazisubu mwenyewe uani kwa risasi ya betri za gari. Kazi ni ile ile ya mzee wa kwenye video. Ndio maana nimeona niiandike yote hapa.

Kwanza hili neno. Kwa Kiswahili risasi ni vitu viwili: ile metali laini ya kijivu, nzito balaa, na kile kinachotoka kwenye bunduki. Sio bahati mbaya. Cha bunduki kilipewa jina hilo kwa sababu kilitengenezwa kwa metali hiyo.

Sasa swali la kalibu. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi. Alumini mpaka ifike 660. Kwa hiyo risasi inakuwa uji wakati alumini bado ngumu kabisa. Halafu alumini ina utando mwembamba juu yake unaofanya risasi isigande nayo, ni nyepesi mkononi, haishiki kutu, na inapitisha joto haraka, ndio maana kile kilichomiminwa kinaganda chap chap. Kalibu za chuma na za shaba zipo pia, ila za alumini ndio rahisi kwa bei.

Na mzee hakamatwi kwa sababu yuko Marekani. Kule sheria ya nchi nzima haimdai leseni mtu anayetengeneza risasi za kutumia mwenyewe, anadaiwa anayefanya biashara. Ni mambo ya zamani sana kwao. Julai 1776 watu wa New York waliangusha sanamu ya Mfalme George III wa Uingereza, iliyokuwa ya risasi iliyopakwa dhahabu. Vipande vingi vikapelekwa Litchfield, Connecticut, wanawake na watoto wakaviyeyusha wakapata risasi 42,088 za kumpiga nazo mfalme mwenyewe! Ila wewe mdau wa Tanzania au Kenya usijaribu. Huku kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni jinai, utaozea ndani.

Chubwi hazina kesi polisi. Lakini kesi ya mwilini iko pale pale, na hapa ndio nataka tusikilizane.

Watu wengi wanadhani hatari ni kuungua, au ule mvuke. Kuungua kweli kupo: tone moja la maji likiingia ndani ya risasi ya moto linageuka mvuke ghafla na kuirusha usoni kwako. Lakini risasi yenyewe inachemka kwenye nyuzi 1,749, kwa hiyo kwa moto wa mkaa mvuke wake ni kidogo. Kinachomaliza watu zaidi ni VUMBI. Ule utando wa kijivu unaoenguliwa juu ukikauka unakuwa unga. Betri ndio mbaya zaidi, maana ukiipasua tu, ndani tayari kuna unga wa risasi, na ukiiwekea moto vumbi jingine linapanda na moshi. Unashika mikononi, unaenda kula muhogo. Unabaki kwenye nguo, unambeba mtoto.

Mwili unaidhani risasi ni kalisiamu, unaiweka akiba kwenye mifupa, inakaa miaka. Mtoto mdogo anafyonza mara nne mpaka tano kuliko mtu mzima, na inapiga ubongo. Haumwi leo. Utaona anachelewa kuongea, au shuleni haelewi, mtasema mvivu au karogwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Nani kasema ni maneno tu? Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Watu pale walikuwa wanachekecha udongo wenye mabaki ya betri wapate risasi ya kuuza. Hapa jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Dada mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, mwanawe mchanga akaugua, damu ikapimwa, risasi. Akapigana mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikavuruga mambo, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule.

Sasa kama kwenu kuna anayesubu chubwi, mwambie haya:

- Sufuria ya risasi isirudi jikoni MAISHA. Kuisugua hakusaidii.
- Afanyie nje, mbali na nyumba, watoto na wajawazito wasisogee.
- Asile wala asivute sigara akiwa kazini. Akimaliza, maji na sabuni kwanza.
- Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Asipasue betri. Bora anunue chubwi tayari, au afungie nati kubwa ya chuma au jiwe. Samaki hajali.
- Watoto wakishakaa karibu na kazi hiyo, muulizeni daktari habari ya kupima risasi kwenye damu.

Mimi nilimwendea mjomba. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote haya. Akacheka: "Kazi hii nimeanza wewe hujazaliwa." Nikanyamaza. Ila mkewe alikuwa anasikiliza mlangoni, akaja kuniuliza taratibu, ni sufuria ipi hiyo. Nikamwonyesha. Akakaa chini. Ndiyo aliyokuwa anapikia uji wa mtoto wao wa mwisho.

Siku hizi ile sufuria imefungwa waya mwekundu kwenye sikio na inalala kwenye banda la nyavu. Mtoto tunampeleka hospitali wiki ijayo. Mjomba amesema atakuja na yeye.

Wadau, kwenu mnatumia nini badala ya chubwi za risasi? Tupeane ujuzi hapo chini.