Ana selimundu, na shule inakwenda Olmotonyi
Shule ikipeleka wanafunzi Chuo cha Misitu Olmotonyi, mzazi hulipa nauli na kusaini fomu. Ugonjwa wa mtoto hautajwi, kwa hofu kwamba ataachwa. Kwa mwenye selimundu, ukimya huo ni hatari.

Juni na Julai miteremko ya Meru ina baridi. Baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mwalimu asiyejua atadhani mtoto anadeka.

Mwambie mwalimu mapema. Mfungie sweta, dawa zake na kadi ya kliniki. Anywe maji hata asiposikia kiu. Kupanda mlima wenyewe, mita 4,566, ni suala jingine: muulize daktari kwanza.

Akipata homa, kifua kikiuma au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri basi la kurudi.