Mapunye kwa Watoto: Kwa Nini Dawa ya Kupaka Peke Yake Haitoshi

Mabaka yenye magamba meupe kichwani mwa mtoto, pamoja na nywele zinazokatika karibu na ngozi, ni dalili za mapunye. Kwa kuwa ugonjwa huu umezoeleka, wazazi wengi huuona kuwa jambo dogo. Mtoto hupakwa dawa ya dukani, baka hufifia, kisha baada ya wiki chache hurejea likiwa kubwa zaidi.

Mapunye husababishwa na fangasi wanaoishi ndani ya shina la unywele hadi kwenye mzizi wake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vya kutosha. Kwa sababu hiyo, tiba yake ni dawa ya kumeza. Griseofulvini, mojawapo ya dawa zinazotumika, hutolewa kulingana na uzito wa mtoto, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uifyonze vizuri. Dozi isikatishwe nywele zinapoanza kuota, kwani fangasi waliosalia huweza kuurejesha ugonjwa.

Kunyoa upara hakuponyi mapunye. Mafuta ya taa na maji ya betri huunguza ngozi. Krimu zenye steroidi hutuliza muwasho tu, huku fangasi wakiendelea kuenea.

Wakati mwingine hutokea uvimbe laini wenye usaha na maumivu. Uvimbe huo hufanana na jipu, lakini usikamuliwe wala kupasuliwa nyumbani. Mtoto afikishwe haraka kwa mtaalamu wa afya, kwa kuwa kuchelewa huweza kuacha kovu lisiloota nywele maisha yote.

Mapunye huambukizwa kwa kugusana na kwa kuchangia vichana, kofia, mitandio, taulo na mashine za kunyolea. Paka, mbwa na ng'ombe nao huweza kuambukiza. Vinyozi wanapaswa kusafisha na kutakasa vifaa kila wanapomaliza kumhudumia mteja. Mtoto mmoja akiugua, wote wa nyumba hiyo wachunguzwe, kwani mtu anaweza kubeba fangasi bila kuonyesha dalili.

Mapunye si ushahidi wa uchafu wa familia, na mtoto hastahili kuchekwa wala kutengwa. Aliyekwisha kuanza tiba anaweza kuendelea na masomo, mradi asichangie kofia wala vifaa vya nywele na wenzake.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuwapeleka watoto wenye dalili hizi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa na kadi ya kliniki. Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto wenye umri chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma.